Boriti Isiyo na Pa Kukalia

Jumapili, 3 Agosti

Ukuta lazima uondoke. Nimeamua.

Sababu naiandika hapa, maana hakuna mtu mwingine wa kumweleza. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, Umoja wa Wakazi wa mtaa wetu unachagua mwenyekiti. Miaka sita mfululizo mwenyekiti ni jirani wa nyumba ya pili, Bwana Marumaru. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu sebule yake ina marumaru nyeupe zinazong'aa mpaka unaona pua yako ukiinama kuvua viatu. Mikutano yote hufanyika kwake. Ana nafasi! Watu wakishakaa kwenye makochi yake, wakanywa chai yake, watamchagua nani mwingine? Mimi kila mwaka napata kura mbili. Moja ni yangu. Ya pili nilikuwa nadhani ni ya mke wangu, kumbe yeye humpigia Marumaru. Mpaka leo sijui ni ya nani.

Mwezi uliopita nikajikuta nimenyoosha mkono. Nikasema safari hii uchaguzi ufanyike kwangu. Marumaru akauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama tutaenea. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba tutaenea na nafasi itabaki.

Haitabaki. Sebule yangu inaingiza watu wanane, wa tisa asimame mlangoni. Lakini nyuma ya ukuta kuna chumba cha kulia ambacho hatuli humo. Kina meza ya kupigia pasi na baiskeli isiyo na mnyororo. Toa ukuta, vyumba viwili vinakuwa ukumbi. Nimeugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kwa sauti nzito. Dalili nzuri! Tofali zima hutoka kwa urahisi.

Mke wangu ni muuguzi, yuko kwenye semina hadi Jumatano. Nilimwambia nitapaka rangi. Si uongo. Ukuta utakaobaki utapakwa.

Juu ya ukuta huo ni chumba cha mama mkwe. Hilo si tatizo.

Niseme kidogo kuhusu mama mkwe. Anaishi nasi mwaka wa nne sasa, na chumbani kwake sijawahi kukanyaga. Mtu haingii chumbani kwa mama wa mkewe. Tunakutana kwenye ngazi, mimi nimeinamisha macho, yeye ameutengeneza mtandio wake, tunasalimiana, kila mtu na njia yake. Mengine yote yanapita kwa mke wangu. Utaratibu mzuri. Haujawahi kutuangusha.

Jumatatu, 4 Agosti

Fundi amekuja. Mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Kabla sijamaliza kumweleza, akauliza juu kuna nini. Nikamwambia kuna mama mkwe. Akasema haulizi nani, anauliza nini. Akapanda ngazi nusu, akachungulia, akashuka. Anasema mbao za sakafu ya juu zimelala juu ya ukuta huu huu. Ukiutoa hivi hivi, mama mkwe atashuka bila kutumia ngazi.

Kwa hiyo, anasema, kwanza jeki. Si jeki za gari. Ni nguzo za chuma zenye skrubu, ukizizungusha zinarefuka mpaka zinabana dari. Zikishabeba sakafu, ndipo utoe ukuta, ndipo upandishe boriti ya chuma ichukue mzigo. Halafu akasema jambo jingine kuhusu ncha za boriti, na jambo jingine kuhusu kumwita mhandisi aje kuangalia.

Mhandisi! Nikamkumbusha kwamba mimi ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mwaka wa kumi na tisa. Boriti za chuma nilizozitia sahihi hajaziona maishani mwake. Akauliza kama nimewahi kuinua hata moja. Sikulipenda swali hilo.

Tukagawana kazi. Yeye jeki na nyundo. Mimi boriti, kupitia ghala letu. Nimepima uwazi mwenyewe, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule: mita tatu na nusu. Nimepima mara tatu. Nimeagiza mita tatu na nusu kamili, isizidi hata unywele.

Jumanne, 5 Agosti

Ukuta umelala! Vumbi mpaka ndani ya mswaki.

Saa tatu nyundo ilipoanza, simu yangu ikalia. Mke wangu, kutoka semina. Mama yake amempigia kumuuliza kama nyumba inavunjwa. Nikamwambia amwambie mama kwamba natayarisha ukuta kwa rangi. Dakika mbili simu tena. Mama anauliza ni rangi gani inayopakwa kwa nyundo. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mama mkwe yuko juu ya kichwa changu, mita tatu tu. Maswali yake yanazunguka mji mzima kabla ya kunifikia.

Saa nane boriti ikaletwa. Wapagazi wanne, mishipa ya shingo nje. Tukaipandisha kwa jeki, taratibu, fundi akipiga kelele. Ikaingia kati ya kuta mbili sawasawa! Upande wa kushoto unaweza kupitisha kisu. Upande wa kulia hata kisu hakipiti. Nilipiga makofi. Wapagazi nao wakapiga.

Fundi hakupiga. Alishika kiuno. Kisha akaniuliza, polepole, hii boriti itakaa juu ya nini.

Nikasema juu ya ukuta. Akasema ukuta gani. Nikaangalia. Kweli, swali lina msingi. Boriti imefika kwenye ukuta wa kushoto ikaishia hapo. Imefika kwenye ukuta wa kulia ikaishia hapo. Chini ya ncha zake hakuna kitu, ni hewa tupu. Anasema ndilo lile jambo alilolisema jana: boriti huwa ndefu kuliko uwazi, kila ncha iingie ukutani shubiri nzima, ikae juu ya kitako cha zege. Anasema mimi nimeagiza mgonjwa aliyetoshana na mlango wa wodi lakini hana kitanda.

Alisema jana, sikatai. Lakini alilisema akitafuna.

Boriti nyingine ndefu ghalani hakuna mpaka mwisho wa mwezi. Nimepiga simu mwenyewe, msaidizi wangu akacheka, nitamshughulikia. Imebaki njia moja. Tujenge nguzo mbili za matofali, moja chini ya kila ncha, zenye msingi wa zege. Zege likomae wiki nzima, na zaidi. Mpaka hapo boriti, sakafu na mama mkwe vinashikiliwa na jeki sita. Mbili ncha ya kushoto, mbili ncha ya kulia, mbili katikati kabisa ya sebule.

Wiki nzima! Uchaguzi ni Jumamosi!

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu amerudi. Akaweka begi chini. Akatazama. Akauliza ukuta uko wapi. Nikamwambia rangi aliyoipenda imekwisha dukani. Hakupaza sauti. Alinipita, akaenda kwa fundi, akamuuliza yeye maswali yote aliyotakiwa kuniuliza mimi. Fundi alimjibu kwa kirefu. Kumbe anaweza kuongea!

Kisha akapanda juu kumsihi mama yake ahamie kwa muda. Juu kuna vyumba viwili tu, chake na chetu. Chetu kiko upande wa jikoni, ukuta wake upo mzima. Mama mkwe amekataa katakata. Hawezi kulala kwenye kitanda cha mkwewe, atawatazamaje watu? Nikajitolea kulala chini. Akajibu, kupitia mke wangu, kwamba hilo ndilo baya kabisa, amtoe mume wa mwanawe kitandani mwake, laana hiyo ataipeleka wapi. Basi amebaki kulekule juu, kwa heshima yangu.

Jioni ujumbe umeshuka. Mama anauliza kwa nini kitufe kikianguka sakafuni hakitulii, kinabingirika mpaka katikati ya chumba. Yeye hushona, vitufe anavyo debe zima, amejaribu vitatu. Nimejibu kwamba sakafu ya mbao huwa inapumua. Jibu limerudi: ikishavuta pumzi, itaitoa lini?

Mke wangu hakucheka. Aliniambia hana mama mwingine. Nikamwambia najua. Akasema hapana, hajui kama najua. Akaenda kulala akageukia ukutani.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi amechimba misingi miwili, amemwaga zege. Ana kazi nyingine mpaka Jumatatu. Kabla ya kuondoka amezungusha kila jeki, ameweka pima maji, amekunja uso, amezungusha tena. Halafu ameandika kwa chaki kwenye jeki zote sita: USIGUSE. Akanisomea kwa sauti, jeki baada ya jeki, mara sita.

Alasiri nani anabisha hodi? Marumaru! Eti amekuja kutupa pole ya vumbi. Alipita katikati ya jeki mikono nyuma, akisimama kila hatua. Akauliza kama ni mtindo mpya. Akaitazama boriti muda mrefu, kwanza ncha hii, kisha ncha ile, sura ikambadilika kidogo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika na Jumamosi, maana kwake pako wazi siku zote.

Wivu! Nilimwona waziwazi. Nikamwambia asihangaike. Akasema basi atakuja na stuli yake.

Alipoondoka nikapanga viti ishirini. Jeki mbili za katikati zimesimama pale pale pa kiti cha mwenyekiti. Ukikaa upande wa dirisha humwoni aliyekaa upande wa mlango. Nimevunja ukuta mmoja, nimepata kuta sita nyembamba.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kubwa. Naandika kwa furaha.

Mke wangu ameingia zamu mbili mfululizo saa sita mchana, anatoka kesho saa nne. Aliniachia neno moja: usiguse. Amejifunza kwa fundi.

Saa saba nikalegeza jeki moja ya katikati. Robo mzunguko. Nikasikiliza. Kimya. Mzunguko mzima. Kimya! Nikaitoa. Nikatoa na mwenzake. Nikahesabu mpaka ishirini, macho nimefumba, mikono kichwani. Hakuna kilichotokea! Mafundi wanatutia hofu ili tuwaite kila siku.

Hapo akili ikafunguka. Ncha ya kushoto ndiyo inayoonekana ukiingia tu mlangoni. Jeki mbili zimesimama hapo na maandishi yake ya chaki, aibu tupu. Na kabati la vyombo kimo chake kinakaribia kufika kwenye boriti, limepungukiwa na kiganja. Nikalisukuma chini ya ncha. Juu nikaweka ubao wa kukatia mboga, na vitabu viwili vya uuguzi vya mke wangu, vinene, vya jalada gumu. Vikabana! Nikatoa jeki zote mbili. Nikatandika kitambaa cheupe, nikaweka chombo cha maua ya plastiki. Huwezi kujua. Mtu anaona kabati, haoni nguzo. Jeki mbili za kulia nimezivisha pazia, zinaonekana kama zipo kwa makusudi.

Saa kumi nikasikia kugongwa juu. Mlango wa mama mkwe umekwama, anagonga kutoka ndani. Mke wangu hayupo wa kutumwa. Nilipanda, nikasimama nje, nikakohoa ajue ni mimi. Nikasukuma kwa bega, uso nimeugeuzia ukutani. Ukafunguka kiasi cha mtu kupita kiubavu. Akapita kiubavu. Akanishukuru. Nikasema mbao huvimba wakati wa baridi. Akasema leo kuna jua. Nikasema ndiyo, hata jua.

Nikaomba, macho chini, kwamba labda tusimwambie mwanawe akiwa kazini. Akakubali. Alisema mtu anayechoma watu sindano hatakiwi kushtuliwa. Kisha akasimama kidogo kana kwamba anataka kuniuliza kitu, na mimi nikasimama kidogo kana kwamba nataka kumwambia. Tukatakiana jioni njema.

Viti ishirini vimeenea. Nimekaa kwenye kile cha mwenyekiti kwa dakika kumi. Kinanifaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika jioni, upande wa pili wa barabara, nimekalia stuli ya Marumaru. Nianze mwanzo.

Saa nne kamili watu kumi na saba walikuwa wameingia. Nafasi! Waliduwaa. Dada wa duka la dawa alizunguka mara mbili, akasema hapa unaweza kufanya harusi. Mzee mwenye goti bovu alitaka kujua mchoro ni wa nani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilihesabu nyuso. Nilikuwa na kura tisa, pengine kumi. Marumaru alikaa kwenye stuli yake pembeni, anatazama kabati langu. Hatazami maua, anatazama ubao wa mboga.

Nikafungua mdomo kuanzisha mkutano. Dada wa duka la dawa akanikatiza. Kwani nyumba hii haina mzee? Tutaanzaje mkutano chini ya mama wa watu bila kumsalimia?

Wote wakasimama.

Nikasema amelala. Kutoka juu, sauti isiyo na hata chembe ya usingizi ikasema karibuni wanangu. Nikasema basi twende kwa uwakilishi, wawili wawili. Jirani wa nyumba ya kona akaniuliza kama salamu siku hizi zinapangiwa foleni. Nikasema ngazi ni nyembamba. Walikuwa wameshaanza kupanda. Kumi na tano! Mzee wa goti tu alibaki, na Marumaru aliyeishia ngazi ya tatu, akasimama, akawa ananitazama.

Nilizisikia nyayo zikipita juu ya kichwa changu, zikaingia chumbani. Na salamu za mama mkwe si za haraka. Kila mmoja aliulizwa hali, watoto, mgongo, presha. Nikasikia kitanda kikilalamika: wamekaa. Wamekaa, wote, katikati kabisa ya chumba, kule kunakobingirikia vitufe!

Kwanza vyombo kabatini viliimba. Kisha kioo cha mlango wa kushoto wa kabati kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Chombo cha maua kikateleza chenyewe, kikaanguka. Boriti ikashuka unene wa kidole. Niliiona ikishuka.

Nikaliegemea kabati kwa mgongo, miguu nimeikita sakafuni. Na sasa niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilichofikiria kwanza ni kura. Nikipiga kelele, nimeshindwa. Nikinyamaza, labda watashuka wenyewe. Nilinyamaza. Nadhani ni nusu dakika. Halafu mama mkwe akacheka huko juu, kicheko kirefu cha msichana, sijawahi kumsikia akicheka hivyo miaka yote minne. Nikaogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa.

Nikapiga kelele kwamba chai tayari. Wakajibu tunakuja. Hawakuja. Nikapiga kelele kwamba sakafu inaanguka! Wakacheka. Mtu mmoja akasema mgombea wetu leo ana utani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mke wangu, na sare yake. Aliniona mimi, kabati, ubao wa mboga, vitabu vyake. Alipanda ngazi na viatu vyake, nikasikia sauti anayoitumia wodini: mmoja mmoja, mkono ukutani, pita pembeni, asikimbie mtu, asirudi mtu kuchukua mkoba. Kicheko kikakatika. Nyayo zikaanza kushuka.

Nani alinisaidia? Naona aibu kuandika. Marumaru! Alivua koti, akachukua mbili kati ya zile jeki nne nilizozitoa jana na kuzificha nyuma ya mlango wa jikoni, akaziweka chini ya boriti upande wangu, akazungusha kwa mikono miwili kwa zamu bila hata kuangalia. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa kunong'ona kwamba mimi nilifikiri sebule yake aliikuta hivyo. Yake ilikula jeki kumi na moja, na mkewe alihamia kwa dada yake miezi miwili. Akaniomba nisimwambie mtu.

Mke wangu akaniita kutoka juu. Wageni wote wameshuka, ila mlango umejibana tena na mama yake amebaki ndani. Nilipanda mbio. Nikasukuma kwa bega, safari hii bila kugeuza uso. Nikaingia. Chumba kina harufu ya sabuni na uzi mpya. Sakafu imeinama katikati, cherehani imeteleza mpaka imegusa kitanda. Amesimama pembeni mwa ukuta na kopo lake la vitufe, ameshikilia pazia. Mdogo kuliko nilivyodhani. Nikampa mkono. Akaushika kwa nguvu. Akasema, yeye mwenyewe, kwangu mwenyewe, kwamba nimechelewa sana kuja kumtembelea.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwambia aangalie ngazi ya mwisho, ni fupi.

Uchaguzi ulifanyika nje, barabarani, watu wamesimama. Mama mkwe alikalishwa kwenye stuli. Nilidhani utaahirishwa, nikiri nilitumaini. Lakini yule wa nyumba ya kona akasema kwamba kule juu, katika muda mfupi ule, mama amemuuliza kila mtu shida yake na kuishika: mtaro unaofurika, taa iliyokufa, mbwa wa mtu fulani. Miaka sita hakuna aliyewauliza. Akampendekeza. Mikono ikanyooka.

Matokeo: mama mkwe kura kumi na saba. Marumaru moja. Mimi moja.

Angalau sasa najua ile ya pili si ya wa nyumba ya kona. Mke wangu alimpigia mama yake.

Jumapili, 10 Agosti

Fundi aliitwa, akaacha kazi yake, akaja. Amerudisha jeki zote sita, ameongeza mbili. Vitabu vya uuguzi alivitoa juu ya kabati, akavifuta vumbi, akamkabidhi mke wangu kwa mikono miwili. Hajanisemesha. Ananipita kana kwamba mimi ni jeki ya tisa.

Mama mkwe amekubali kulala chumbani kwetu, na mwanawe. Heshima yangu haitajwi tena. Mimi nalala sebuleni. Ni kubwa kweli. Ukipiga chafya inarudi.

Jumatano, 20 Agosti

Zege limekomaa. Nguzo za matofali zimepanda mpaka juu, nene, zimepunguza sebule kila upande. Boriti sasa imekalia. Fundi alilegeza jeki moja moja, siku nzima, akisubiri, akipima. Mhandisi pia aliitwa. Mwanamke mdogo wa umri, alikaa dakika arobaini, akauliza ni nani aliyepima. Kila mtu akatazama pembeni kwa adabu.

Mama mkwe amerudi chumbani kwake. Amedondosha kitufe mbele ya mashahidi. Kikatulia.

Jumamosi, 23 Agosti

Mke wangu ameniandikisha karatasi. Inasema sitagusa ukuta, boriti, jeki wala nguzo yoyote ya nyumba hii, mpaka kufa. Nimetia sahihi. Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi amesaini kama shahidi, kisha akanipigapiga begani, akasema anajua nilikuwa na nia njema. Nilitokwa na machozi. Nilisema mtu hujifunza kwa makosa, na mimi nimejifunza.

Kweli nimejifunza! Nimekaa wiki mbili nikitafakari kosa lilikuwa wapi, bila kujionea huruma. Ukuta haukuwa kosa. Sebule ni nzuri, kila mtu kasema. Boriti haikuwa kosa. Si hiyo hapo, imekaa? Kabati lilibeba vizuri mpaka watu wakaenda juu. Na kwa nini walikwenda juu? Kwa sababu waliziona ngazi! Ngazi zimejitokeza pale pale sebuleni, mtu akiingia tu zinamkaribisha apande. Zingekuwa upande wa jikoni, nani angekumbuka kusalimia?

Halafu nimepima. Ngazi zikiondoka, viti sita vinaongezeka. Jumamosi ijayo ni kikao cha kwanza cha mwenyekiti wetu mpya, kitafanyika hapa, na mke wangu anasema watu wamekuwa wengi. Itakuwa zawadi yangu kwa mama. Karatasi nimeisoma mara tatu. Neno ngazi halimo.

Mke wangu yuko zamu hadi jioni. Fundi nimempigia, akaisikia sauti yangu, simu ikakatika. Haidhuru, ni kazi ndogo, hakuna cha kupandisha. Mama mkwe yuko juu chumbani kwake, anaandika ajenda, namsikia akiimba. Ni vizuri atulie huko huko mpaka nimalize.

Nimechukua nyundo. Naanza taratibu, na ngazi ya chini kabisa. Hiyo haibebi kitu.